Mepo Uliolia Usiku Kucha

Nilikuwa na mkasi mpya, na mkasi mpya haukosi kujitafutia kazi. Mezani ulikuwepo mti mchanga wa mepo wa Kijapani, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Acer palmatum. Kimo chake hakikufika goti, shina jembamba kama penseli. Majira yote ya baridi niliutazama ukiwa uchi, na macho yake ya kuchipulia yalipoanza tu kuvimba na kupata wekundu, nikasema leo ndiyo leo. Nilitaka bonsai, ule mti mdogo wa chunguni unaotengenezwa umbo kwa mkasi na waya, kabla ya jua kuzama.

Nikaanza na kilele, nikashuka kwenye matawi. Tawi la kwanza lilitoa tone, nikadhani ni umande. Kufika la nne, maji yalikuwa yakitiririka shinani hadi kwenye udongo. Nikafuta kwa kitambaa, yakaja mengine. Nikapaka dawa ya kuziba majeraha, utomvu ukaisukuma ikadondoka. Usiku nilitoka na tochi mara mbili, kama mtu mwenye mgonjwa.

Asubuhi nikaubeba hadi kwa mzee mmoja aliyeanza kulea bonsai mimi sijazaliwa. Hakuniuliza kitu. Aliuzungusha mti polepole, akaguna.

"Umeukata ukiwa unaamka. Saa hizi unapandisha maji kwa nguvu na majani hayajafunguka. Unataka maji yatokee wapi?"

"Utakufa, mzee?"

"Kwa hili, hapana. Ila ungengoja majani yafunguke, yakomae, mwanzoni mwa kiangazi. Au ungeukata mara tu ulipopukutisha. Haraka ya nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akaona waya niliouviringisha kwenye tawi ili kulipinda, umekaza kama mshipi. Nikanyoosha mkono niufungue, akanipiga kofi dogo la vidole. Waya haufunguliwi kwa kuuzungusha kinyume, maana hapo ndipo vijitawi huvunjika. Hukatwa vipande vipande, kila mzunguko peke yake. Na gome la mepo ni laini: waya ukizama, kovu hukaa miaka. Wakati wa kuchipua tawi hunenepa upesi, kwa hiyo waya hukaguliwa kila baada ya siku chache.

Kilichomuudhi zaidi, nadhani, ni kile nilichokiacha. Macho ya mepo hutoka kwa jozi, moja huku na moja kule, na penye fundo moja nilibakiza matawi matatu kwa kuwa yalipendeza. Akaniambia pale shina litavimba kama goti lenye maji, na uvimbe huo hauondoki kirahisi. Akanitaka nichague lipi litaondoka, ingawa si siku ile. Nilichukua muda mrefu kuliko niliotumia kukata mti mzima.

Kuhusu chungu changu kifupi cha kupendeza alikuwa mkali mno. Naona hadi leo angeweza kulisema kwa upole. Lakini alikuwa sahihi. Shina la penseli halinenepi kwa kukatwa wala kwa kubanwa mizizi. Alinihamishia mti kwenye chombo kipana chenye kina bila kuivuruga mizizi, akachagua tawi moja la chini na kuniagiza niliache lirefuke linavyotaka. Aliliita tawi la kafara: litalisha shina mpaka linenepe, kisha litakatwa. Vidole vyangu viliniwasha kulitazama likikua ovyo.

Mkasi akabaki nao.

Wiki kadhaa baadaye, chini ya kila jeraha yakafunguka machipukizi mawili mawili, majani madogo kama viganja vya mtoto. Kiangazi kilipoanza na majani kukomaa, mzee alinirudishia mkasi na kunionyesha lile tawi nililolichagua kwenye fundo. Nikakata, nikiacha kisiki kifupi kikauke chenyewe kama alivyonielekeza. Tukasimama tukilitazama jeraha. Lilibaki kavu.