Mwalimu Kutoka Mbweni

Fomu ya visa ya Uingereza inataka kujua ninatumia shilingi ngapi kwa mwezi. Jioni nzima nimelikalia swali hilo. Mshahara wa mwalimu unajulikana, hauna siri. Matumizi ndiyo yenye kizungumkuti. Michango ya harusi naiandika wapi? Na nauli za kwendea misibani? Mwishowe nikajaza kadirio ambalo naweza kuliapia, nikashukuru kwamba hawakuuliza kama mshahara unatosha.

Safari yenyewe ni hii. Parokia moja ya Kianglikana kaskazini mwa Uingereza huwa na skuli ya Biblia ya watoto kila kiangazi, skuli zao zinapofungwa mwishoni mwa Julai. Mwaka huu wameomba mwalimu wa Jumapili kutoka kwetu aende kuwasaidia, na padri akanitaja mimi. Ninakwenda kama mgeni, si mwajiriwa. Visa ya namna hii inaruhusu kujitolea kwenye shirika la hisani lililosajiliwa kwa siku zisizozidi 30, bila mshahara. Barua ya mwaliko ninayo, cheti cha polisi nimekiomba. Bado kuvuka kwa boti hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole, kisha ni kungoja.

Kwetu ni Mbweni, hapa Unguja. Kanisa letu la Mtakatifu Yohana lilijengwa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ambao UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, iliwapa makazi hapa katika miaka ya 1870. Magofu ya skuli yao ya wasichana bado yapo karibu na bahari, leo yamo ndani ya kiwanja cha hoteli. Mwaka 1877 alikuja Caroline Thackeray kutoka Uingereza kuwafundisha wasichana hao, na hapa hapa ndipo alipozeekea. Mimi nakwenda kwao kwa wiki chache, na tiketi ya kurudi mkononi. Nikijipima naye naona haya kidogo.

Ndugu zangu wa bara wananipongeza kwamba nakwenda nchi ya Wakristo. Haya. Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilionyesha waliojiita Wakristo ni asilimia 46.2, mara ya kwanza kuwa chini ya nusu, na waliosema hawana dini yoyote ni asilimia 37.2. Mratibu wa huko ameniandikia bila kuficha kwamba watoto wengi huletwa kwa kuwa wazazi wako kazini na pale kanisani ni mahali salama. Dini yenyewe nyumbani hawaijui. Nadhani aliogopa habari hiyo itanivunja moyo.

Jamani, mimi ni Mkristo wa Unguja! Tangu nizaliwe nimo katika wachache. Skulini ninakosomesha hesabu, darasa zima ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani sili mbele ya watu, na magharibi ikiingia futari inanifikia mlangoni. Krismasi sinia la pilau linatoka kwangu kwenda kwao. Kuzungumza habari za Mungu na mtu asiyeamini ninachoamini, bila kumbana na bila kujificha, ndiko kulelewa kwangu. Ikiwa kuna kitu cha kuwapelekea watu wa kule, ni hicho, kuliko ngoma na vigelegele wanavyonihimiza watu nibebe.

Jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa, yeye ameshughulishwa na jua. Nilimwambia kule Julai linazama baada ya saa tatu usiku.

"Mwanangu, sasa hao Waislamu wa huko Isha wanasali saa ngapi?"

"Karibu na usiku wa manane, Bi Mkubwa."

"Na Ramadhani ikiwaangukia kiangazi?" Akashika kidevu, akawaonea huruma watu asiowajua. Kisha akaniletea koti zito alilolipata mitumbani Darajani, hataki kusikia habari ya bei.

Wenyeji wangu wamenitumia pia mafunzo ya ulinzi wa watoto ya kusoma kwenye intaneti. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto. Picha hazipigwi bila mzazi kuridhia kwa maandishi. Kabla ya kumpa mtoto chochote cha kula, uliza, maana wapo ambao njugu inaweza kuwaua. Kashata zangu zimebaki nyumbani basi, nitapeleka karafuu na mdalasini wanuse. Hapa kwetu mtoto wa mwenzio unamkanya njiani na mama yake anakushukuru, kwa hiyo masharti yale niliyasoma kwa kununa mwanzoni. Nilipoyamaliza nilitamani baadhi yake tungekuwa nayo sisi.

Somo nililopangiwa ndilo linaloninyima usingizi: Yesu amelala mashuani, wanafunzi wanamwamsha, anatuliza dhoruba, Marko sura ya 4. Wamelituma limekwisha tayarishwa. Watoto wakunje mashua za karatasi, wapepee kitambaa cha buluu, waimbe, kwisha. Ni somo zuri, watafurahi.

Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa Jumapili tarehe 11 Septemba 2011. Usiku wa kuamkia jana yake meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikienda Pemba, ilizama mkondo wa Nungwi na mamia ya watu, mizigo na abiria wakiwa wamezidi. Mtoto mmoja akaniuliza kama usiku ule Yesu alikuwa amelala. Sikuwa na jibu, na sikulitunga. Mchana nikaenda kwa Bi Mkubwa, aliyempoteza mtoto wa dada yake, nikakaa mkekani na wanawake wengine. Hakuna aliyehubiri pale, Muislamu wala Mkristo. Tulikuwa tukisema poleni, tukimenya vitunguu.

Tangu hapo nikilisoma somo lile naona jinsi Marko alivyolimaliza. Bahari imetulia, na wanafunzi bado wana hofu, wanaulizana huyu ni nani hata upepo na bahari vinamtii. Hakuna anayewajibu.

Nimemwandikia mratibu kwamba mashua za karatasi zibaki, na kitambaa kibaki, ila hadithi niiishie palepale kwenye swali, nisiimalizie kwa wimbo. Akauliza kama watoto hawatataka jibu. Nimemwambia watataka sana, kwa hiyo kesho yake anipe nusu saa ya maswali tu, bila gundi wala mikasi. Amekubali robo saa.