Hamira katika chupa ya damu

Aliyelelewa Unguja anaijua harufu ya unga wa vitumbua ulioumuka usiku kucha. Harufu hiyohiyo ilinipokea asubuhi moja nilipofunua sahani ya kuoteshea vimelea katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi. Chupa ya damu ya mama mmoja, aliyekuwa na mpira katika mshipa mkubwa wa shingo kwa wiki ya tatu, ilikuwa imeota. Chini ya hadubini nikakuta chembe za duara, kubwa kuliko bakteria, zikichipuza vitoto ubavuni. Ilikuwa Candida, fangasi wa jamii ya hamira.

Majibu ya awali yalisema tu "fangasi wameonekana", na flukonazoli, dawa ya fangasi, ikaanzwa. Tangu siku ile nashikilia kwamba neno hilo peke yake halimtoshi daktari. Candida albicans kwa kawaida husikia flukonazoli, yaani huzuiwa nayo. Candida krusei haisikii kwa maumbile yake. Candida auris, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutokana na sikio la mgonjwa nchini Japani, mara nyingi huikaidi dawa hiyo na pengine hukaidi za makundi mengine pia. Flukonazoli huzuia kimeng'enya cha kutengenezea ergosteroli, mafuta yanayoushikilia utando wa seli ya fangasi. Fangasi sugu hukigeuza kimeng'enya hicho kisishikike, au huitapika dawa kwa pampu zilizomo katika utando wake.

Dada wa mgonjwa aliniuliza, "Mwanangu, si ndiyo dawa ile tunayojinunulia dukani?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Sikupata raha kulijibu swali lile, kwa kuwa kila dozi inayomezwa bila sababu huwazuia fangasi wanaoisikia na kuwaachia nafasi walio sugu.

Nilizitia chembe zile katika seramu, yale maji ya damu yasiyo na seli, kwa nyuzi 37, na baada ya saa mbili na nusu hazikuwa zimetoa mkia ambao albicans huutoa. Kesho yake zilikuwa zimeota mpaka ukingoni mwa kidonge cha karatasi chenye flukonazoli, ishara kwamba dawa haikuzizuia. Daktari akabadilisha dawa kuwa amfoterisini B, figo na potasiamu ya damu zikawa zinapimwa kwa kuwa dawa hiyo huweza kuzidhuru, na mpira ukatolewa, maana fangasi hujijengea gamba juu yake ambalo dawa hulipenya kwa shida. Damu iliendelea kuoteshwa. Chupa iliyochukuliwa siku ya nne haikuota kitu, na siku 14 za matibabu zikahesabiwa kuanzia hapo, si tangu dawa ilipoanza.