Nilivyopata ufadhili wa wanafunzi viongozi baada ya kukataliwa mara ya kwanza

Barua ya kukataliwa ilinifikia karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Niliisoma mara tatu. Nilikuwa mwakilishi wa darasa, katibu wa klabu ya midahalo, mjumbe wa kamati ya mabweni, na alama zangu zilikuwa nzuri. Ufadhili huo ulikuwa wa wanafunzi wa shahada ya kwanza walioonyesha uongozi, na ulilipa ada, malazi na vitabu mpaka kuhitimu. Ada ya mwaka wa pili sikujua itatoka wapi, kwa hiyo barua ile iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Baada ya siku chache nilimpelekea insha yangu mhadhiri wetu wa takwimu, nikamwomba anieleze kilichoharibika. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akanirudishia. "Umeniorodheshea viti ulivyokalia," alisema. "Hilo darasa lilikuwaje kabla yako, na likawaje ulipoanza kuliwakilisha?"

Sikuweza kumjibu. Niliondoka na swali lake, na nadhani ufadhili nilioupata mwaka uliofuata ulianzia pale mlangoni.

Likizo ile nilisoma masharti ya fadhili nyingine, zikiwemo ambazo sikuwa na sifa ya kuziomba, ili nielewe watoaji wanatafuta mtu wa namna gani. Nilianza na ule wa Rhodes wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliotokana na wosia wa Cecil Rhodes aliyefariki mwaka 1902. Rhodes alikuwa mkoloni aliyewadhulumu Waafrika, na wanawake hawakupokelewa katika ufadhili huo hadi mwaka 1977, kwa hiyo sikumsoma kama mwalimu wangu. Lakini niliona kwamba kati ya vigezo vinne vya ufadhili ule, masomo ni kimoja tu. Vingine vinagusa bidii ya kutumia vipaji, ukweli na ujasiri pamoja na kuwajali wanyonge, na moyo wa kuongoza na kujishughulisha na wenzako. Ufadhili wa Morehead-Cain wa University of North Carolina at Chapel Hill, ulioanzishwa mwaka 1945, nao unapima uongozi, masomo, uthabiti wa tabia na nguvu ya mwili. Ule wa Truman, ulioundwa na Bunge la Marekani mwaka 1975, unawalenga vijana wanaokusudia kufanya kazi ya utumishi wa umma. Mpango wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, unawatafuta vijana wenye uwezo darasani ambao familia zao hazina uwezo wa kifedha, na unatarajia kwamba watakachopata kitazirudia jamii zao.

Nilisoma yote hayo nikiwa na kalamu mkononi. Hakuna hata mmoja uliouliza mtu ameshika vyeo vingapi.

Basi nikaanza upya na swali la mhadhiri. Katika vyeo vyangu vyote, ni wapi palikuwa na tofauti ninayoweza kuionyesha? Klabu ya midahalo niliikuta hai na nikaiacha hai. Kwenye kamati ya mabweni nilihudhuria vikao, basi. Kazi ya kweli ilikuwa ndogo na sikuwa nimeitaja kabisa kwenye insha ya kwanza, kwa sababu haikuwa na cheo.

Katika semista ya kwanza, wanafunzi 41 kati ya 138 wa darasa letu walianguka kwenye takwimu. Nilikuwa mwakilishi, na wengi wao walinijia wakitaka nikaombe mtihani urahisishwe. Sikwenda. Niliwauliza mmoja mmoja walikokwama, nikagundua kwamba karibu wote walikwama palepale: kwenye uwezekano, mada iliyofundishwa wiki ya tatu, na kila kilichofuata kilijengwa juu yake. Tukaunda vikundi vya watu sita sita, kila kimoja na mtu mmoja aliyefaulu, tukawa tunakutana jioni mbili kwa wiki. Nilikuwa na daftari la mahudhurio. Kwenye mtihani wa marudio, 33 walifaulu.

Insha ya pili ilikuwa hiyo tu. Nilieleza hali niliyoikuta, nilichoamua na kwa nini, nani walifanya kazi pamoja nami, na kilichotokea, bila kuwaficha wale wanane ambao vikundi havikuwasaidia. Niliiandika upya mara kumi na moja. Ugumu mkubwa ulikuwa kwenye maneno "mimi" na "sisi". Ukisema "sisi" kila mahali msomaji hajui wewe ulifanya nini. Ukisema "mimi" kila mahali unawadhulumu wenzako. Nilikaa na kila sentensi nikijiuliza: hili lilifanywa na nani hasa? Wawili kati ya viongozi wa vikundi niliwapa rasimu wasome, na mmoja alinisahihisha. Wazo la kugawa watu kwa mada iliyowashinda, badala ya kwa urafiki, lilikuwa lake. Nikaandika hivyo.

Barua za mapendekezo nazo nilizikosea mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimemwomba mkuu mmoja mwenye cheo kikubwa, ambaye aliniandikia mistari minne inayoweza kumhusu mwanafunzi yeyote. Safari hii nilimwomba mhadhiri wa takwimu na msimamizi wa maktaba aliyekuwa akitufungulia chumba jioni zile. Niliwaomba wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, nikawapa ukurasa mmoja wenye tarehe, idadi na vigezo vya ufadhili ili wasilazimike kukumbuka kila kitu. Fomu, nakala za matokeo na vyeti ni kazi ya kuchosha tu. Ianze mapema, hasa nakala za matokeo, maana ofisi nyingi hazikimbizani na tarehe yako.

Niliitwa kwenye usaili mbele ya jopo la watu wanne. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia vikundi, na waliuliza kidogo juu ya vikundi. Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Tueleze siku uongozi wako ulipowaumiza watu."

Nilikuwa na jibu, ila sikuwahi kumweleza mtu yeyote. Katika mwaka wa kwanza nilisikia kwa mwenzangu kwamba jaribio limeahirishwa, nikalitangaza kwenye kundi la darasa bila kuthibitisha. Halikuwa limeahirishwa. Wenzangu tisa hawakufika. Nilimweleza hivyo, pamoja na kilichofuata: nilikwenda kwa mhadhiri husika nikakiri kwamba kosa ni langu, nikaandika barua niliyoisaini, na wale tisa wakapewa jaribio jingine. Tangu hapo sikutangaza lolote ambalo sikuliona kwa maandishi. Sauti ilinitetemeka nilipofika kwenye idadi yao, kwa sababu mmoja wao alikuwa rafiki yangu na aliacha kuniamini kwa muda mrefu. Mama yule aliandika kitu, akashukuru, tukaendelea.

Sijui jibu lile lilihesabiwa vipi. Najua kwamba nilitoka pale nikiwa mwepesi, na kama wangenikataa tena nisingejuta kulisema. Wiki tano baadaye nilipata barua ya kukubaliwa. Nilimpigia mama yangu simu nikashindwa kuongea, yeye ndiye akaongea.

Jambo ambalo waombaji wengi hawaliulizi ni maisha ya baada ya kupata. Ufadhili wangu ulikuwa na masharti: kiwango cha alama kisichopaswa kushuka, mkutano wa kila mwezi na mlezi niliyepangiwa, na ripoti ya kila mwaka kuhusu kazi ninayofanya kwa wanafunzi wenzangu. Semista ya kwanza baada ya kuupata nilikubali kila kamati iliyoniita, nikaona nina deni. Alama zikashuka hadi ukingoni kabisa. Mlezi wangu alinitaka niandike saa zangu za wiki nzima kwenye karatasi, tukazipitia pamoja, na siku hiyohiyo niliandika barua mbili za kujiuzulu. Nilibaki na vikundi vya masomo peke yake.

Mwaka wa tatu nilivikabidhi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Waliondoa daftari langu la mahudhurio, wakaongeza somo la uhasibu, na wakahamisha vikao kutoka jioni kwenda asubuhi kwa sababu wengi wao walikuwa na kazi za jioni. Nilihuzunika kidogo kuhusu daftari. Kisha nikakaa nikaandika ripoti yangu ya mwisho, na mabadiliko hayo matatu ndiyo niliyoyaweka kwenye ukurasa wa kwanza.