Nilivyowatoa paka kwenye blanketi zangu za viraka

Mwezi wa 7 hapa Molo baridi inauma hadi mifupani, na asubuhi nyingine jalidi inatanda shambani kama chumvi. Mimi hushona blanketi za viraka: vitenge juu, pamba katikati. Paka watatu wasio na mwenyewe walikuwa wakipenya dirishani usiku na kulala juu ya kazi yangu. Manyoya kila mahali, nyuzi zimevutwa, na mara mbili mkojo. Huwezi kumpa mteja kitu kama hicho.

Niliziba dirisha kwa gunia, wakalichana. Nikanyunyiza maji ya pilipili, wakarudi usiku uleule. Kuwapiga sikuweza, baridi ile jamani.

Basi nikawatengenezea makao yao. Nilichukua kreti ya mbao, nikaifunika nailoni na kuiinua juu ya matofali chini ya upenu. Ndani nikatandika matambara ya mabaki yangu. Walilala usiku mmoja tu. Nilipotia mkono asubuhi, matambara yalikuwa yamelowa, baridi kama jiwe.

Hapo nikaelewa. Kitambaa hunyonya unyevu na kuushika; mabua makavu ya ngano hayashiki hivyo, na paka hujichimbia ndani yake. Nikaomba mabua kwa jirani, nikajaza kreti nusu. Mlango nikaupunguza hadi sentimita 15 na kuugeuza uelekee ukutani, upepo usiingie.

Wiki ya tatu sasa hawajarudi ndani. Mabua nabadilisha kila Jumamosi, au mapema zaidi mvua ikiyafikia.