Kikohozi Kabla ya Ubeti wa Pili

Mpwa wangu kanisikilizisha wimbo wake kwenye simu, akaniuliza kama ile "shshsh" ya kanda za kaseti aliyoiongeza kwa programu inasikika ya kizamani vya kutosha. Nikacheka mpaka akanuna. Sisi ile shshsh tulipigana nayo: tulisugua vichwa vya mashine ya kurekodia kwa pamba na spiriti, tukatafuta kanda za kromu zenye shshsh ndogo, na bado ilikuwepo.

Mashine yetu ilikuwa ya traki nne, yaani njia nne za sauti kwenye kanda moja, kila moja ikirekodiwa peke yake; mjukuu wa ile Portastudio ya kwanza, mashine ya kurekodi kwa kaseti iliyotolewa na kampuni ya TEAC mwaka 1979. Iliendesha kaseti kwa kasi maradufu, kama sentimita 9.5 kwa sekunde, traki zote nne zikielekea upande mmoja, kwa hiyo kanda ya dakika 60 ilitupa robo saa tu. Ukiigeuza, nyimbo zinakwenda kinyumenyume, jambo ambalo mpiga ngoma wetu alilipenda kuliko nyimbo zenyewe.

Usiku ule traki tatu zilikuwa zimejaa: gitaa, besi, ngoma. Kinanda na sauti bado. Dawa ni moja: unazimimina zote tatu kwenye ya nne, halafu unarekodi vipya juu ya zile tatu. Ukishafanya hivyo, gitaa likiwa chini litabaki chini milele. Na kwa kubana nafasi, tari nalo lipigwe papo hapo mbele ya maikrofoni, kanda ikizunguka. Vidole vyangu vyote vilikuwa kwenye vidhibiti vya sauti. Kwenye kiitikio nikapandisha besi, sindano ya kipimo cha sauti ikaruka hadi kwenye wekundu, nikaishusha. Mpiga tari kafumba macho, anahesabu kwa midomo. Na pale kabla ya ubeti wa pili, tulipoacha kimya kwa makusudi, mtu akakohoa. Kikavu, kifupi, tena ndani ya mapigo.

Tukarudisha nyuma. Kimeingia barabara. Tungeweza kurudia, maana zile traki tatu zilikuwa bado hazijaguswa. Lakini tari halijawahi kukaa vizuri vile, na mpigaji alishaanza kuvaa viatu. Hakuna aliyesema turudie wala tuache. Mwimbaji alivuta tu kinanda, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, traki ya gitaa ikafutika.

Sijui kama tulikipenda kile kikohozi au tulichoka tu. Waliousikia wimbo baadaye waliusifu kwa "uhalisi" wake, nasi tukaitikia kama watu waliopanga. Mpiga besi mpaka leo anakana kuwa ni yeye.