Kampeni za kwenye simu

Msimu wa kampeni nilisaidia timu ya mgombea udiwani hapa Kigoma, upande wa mitandao. Watu wanadhani kazi ni kurusha picha za umati tu. Picha inapata likes, inapita. Kilichosambaa kweli ni sauti fupi ya WhatsApp, mgombea akieleza habari ya maji mtaani. Akina mama wa dagaa kule Kibirizi waliisikiliza huku wanageuza dagaa juani, wakairusha kwenye magrupu yao ya vikoba. Haili bando, na asiyesoma vizuri anaelewa.

Mwaka 2008 kule Marekani timu ya Obama ilikuwa na tovuti, My.BarackObama.com, ambako mfuasi aliandaa mkutano mtaani kwake na kuchangisha pesa mwenyewe. Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, alikuwa kwenye kazi hiyo. Sisi bado tunatangaza tu, hatumpi mtu kazi ya kufanya.

Na wagombea, jamani, jibuni meseji! Kuna kijana alimuuliza mgombea mmoja kuhusu taa za soko. Tiki za bluu, kimya. Iliniuma sana, maana lilikuwa swali zuri.