Turbo kwenye 1NZ: pima kwa hewa ya Mombasa, si ya Nairobi

Injini ya Toyota ya 1NZ-FE iko kila mahali: Probox, Vitz RS, Fielder, Allex, bB. Ina ujazo wa cc 1,496, kompresheni 10.5 kwa 1, na hutoka kiwandani na farasi kama 110. Swali halikomi: nikiifunga turbo bila kufungua ndani, itadumu? Itadumu, ukiiwekea kikomo na kukiheshimu. TRD, watu wa Toyota wanaoshughulika na magari ya mashindano, walipoifungia Vitz RS turbo huko Japani walisimama kwenye farasi 150. Anayekuahidi 200 kwa pistoni na konrodi (fimbo zinazounga pistoni na krenki) zile zile anakuuzia injini ya pili kimyakimya.

Kabla ya kununua chochote, elewa hewa unayoendeshea. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ina presha ya kama bar 0.82. Mombasa ni 1.01. Kwa hiyo gari la farasi 110 likiwa Nairobi limeshaporwa karibu moja ya tano, na bar 0.2 za kwanza za turbo zinarudisha tu kilichoporwa. Hapo ndipo watu hudanganyika. Westigeti ya springi, vali inayopitisha moshi wa ziada kando ya turbo ili presha isizidi, haijui presha kamili, yaani ya hewa ya nje pamoja na ya turbo. Inajua tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya paipu na hewa ya nje. Ukiipanga 0.5, geji itasoma 0.5 Nairobi na 0.5 Mombasa. Lakini Nairobi injini inameza 1.32, Mombasa inameza 1.51. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 14 bila mtu kugusa skrubu, tena kwenye joto la nyuzi 32, gari limejaa watu na mizigo ya Krismasi. Gari lililotyuniwa vizuri Westlands, Nairobi, linaweza kufia Mariakani karibu na pwani, na fundi akaapa kwamba kazi yake haikuwa na kasoro.

Basi panga kwa Mombasa. Springi ya 0.4 inatosha: pwani utapata 1.41 kamili na farasi karibu 145, Nairobi 1.22 na farasi kama 125. Ukiona hiyo 125 ni ndogo, kumbuka ulianzia 90.

Pima injini kwanza. Kompresheni ya 1NZ iliyo nzima ni kPa 1,471, kikomo cha chini 1,079, na silinda zisipishane zaidi ya 98. Nairobi geji itasoma chini kwa sababu ya wepesi wa hewa, kwa hiyo angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Iliyopungua moja peke yake imalizane na ringi au vali zake kwanza. Turbo haiponyi mgonjwa. Na kama gari ni la CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, achana nalo. Mkanda wa chuma ndani ya giaboksi ile haukutengenezwa kwa mzigo huo. Tafuta ya manyuo.

Turbo yenyewe si tatizo. TD04L zilizotoka kwenye Subaru zinapatikana Grogan na Kirinyaga Road, na kwa lita 1.5 ukubwa wake unafaa. Shika shafti kwa vidole viwili: ikicheza kidogo sana kwenda kando ni sawa, ikicheza mbele na nyuma iache hapo hapo. Tazama mapezi ya kompresa kwa tochi. Ncha iliyopinda au alama ya kukwaruza kwenye ukuta maana yake shafti imeshachoka. Egzosi ya 1NZ iko nyuma, upande wa ukuta wa kabini, kwa hiyo turbo itakaa juu ya mpira wa stiaringi na karibu na paipu za breki. Weka bati la kuzuia joto, kisha acha nafasi ya vidole viwili kati yake na chochote cha mpira.

Oili ndiyo inayoua turbo nyingi, na mara nyingi si kwa kukosa kuingia bali kwa kushindwa kutoka. Oili ya kuingia ichukue kwenye tundu la swichi ya presha ya oili kwa kiungo cha njia tatu. Nyuzi za skrubu za hapo ni za kipimo cha BSPT 1/8, zenye nyuzi 28 kwa inchi. NPT, kipimo cha Kimarekani, ina 27 na itaingia mizunguko miwili ikikudanganya, kisha itapasua alumini. Oili ya kurudi haina presha. Inashuka kwa uzito wake kama uji, imejaa povu. Mpira wake uwe na tundu la milimita 16 hadi 19, ushuke bila kupanda popote, na uingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ukiuingiza chini ya usawa huo, oili itarudi nyuma, itavuja kwenye sili za turbo na moshi wa bluu utatoka ukiwa umesimama kwenye taa. Watu hubadilisha turbo tatu kwa kosa hili moja.

Vali ya kupumulia ya injini iwe ya njia moja kweli, la sivyo presha ya turbo itaingia kwenye sampu na kusukuma nje kijiti cha kupimia oili.

Sasa petroli. Mfumo wa 1NZ hauna njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi, presha yake ni kama bar 3.2 daima. Manifoldi ya kuingizia hewa ikiwa na 0.4 ndani, kinachosukuma petroli ni 2.8 tu, na injekta inapoteza asilimia 6 saa ile ile unapoihitaji zaidi. Ndiyo maana vile vifaa vya bei rahisi vya kupandisha presha kwenye laini ya kurudi havina pa kufungwa hapa. Weka injekta za cc 330 hadi 370 kwa dakika, pampu ya lita 190 kwa saa ndani ya tangi, na kompyuta inayotyunika yenye sensa ya presha ya manifoldi inayosoma hadi bar 2.5. Kuidanganya kompyuta ya kiwandani kwa vikinza (rezista) ni kamari. Kata ya usalama iweke 1.55 kamili: mpira wa westigeti ukichomoka, petroli ikatwe kabla konrodi haijapinda.

Mzigo mzito wa chini ndio unaopinda konrodi, kuliko farasi wa juu. Usiache presha yote ije chini ya mizunguko 3,000. Taimingi ya cheche irudishwe nyuma kama digrii 1 kwa kila bar 0.07, kisha uendelee kwa kusikiliza kama injini inagonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe. Ukikanyaga hadi mwisho, mchanganyiko uwe kati ya sehemu 11.5 na 11.8 za hewa kwa moja ya petroli, usome kwa sensa ya oksijeni ya upana (wideband). Ile ya kiwandani haioni huko. Weka intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele, paipu za milimita 50. Hewa ikitoka kwenye kompresa ina nyuzi kama 85. Ikifika kwenye manifoldi isizidi 55.

Plagi za kiwandani zina mwanya wa milimita 1.1, na presha ya turbo itazima cheche hiyo. Chukua NGK BKR7E, baridi zaidi kwa hatua mbili, mwanya 0.7. Baada ya kukanyaga kwa nguvu mara tatu, zima injini, zitoe, uziangalie kwa lenzi. Kauri nyeupe safi yenye vidoa vidogo vya kung'aa kama unga wa fedha ni alumini ya pistoni yako. Kugonga kwa sauti, kama changarawe kwenye kopo la maziwa, huja baadaye; plagi husema mapema.

Mafuta ya taa kwenye petroli huleta kugonga huko huko. Kenya ilipandisha kodi ya mafuta hayo ya taa mwaka 2018 ili kukata faida ya wachanganyaji, lakini bado jaza kwenye kituo chenye foleni, na octane ya juu kuliko zote utakazopata. Ukilazimika kujaza usikokujua, endesha bila kuamsha turbo hadi tangi lishuke.

Breki za mbele zije kabla ya yote haya, na klachi nzito zaidi. Hapo sina mengi.

Siku ya kwanza ondoa fyuzi ya injekta, piga stata sekunde kumi kumi hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe. Weka 5W-40 ya sinthetiki kamili, lita 3.7, uibadilishe kwa kilomita 500 za mwanzo kisha kila 5,000. Kwenye hizo 500 kaza tena nati za manifoldi ya egzosi injini ikiwa baridi, zitakuwa zimelegea. Kisha shuka na kompyuta mpakato hadi Voi, urekodi mkanyago mmoja mrefu kwenye gia ya tatu. Kama mchanganyiko umepanda juu ya 12, punguza mguu na umwombe fundi aongeze petroli kwenye safu za 1.3 hadi 1.5 kabla hujafika Mazeras.